Warlock wa World of Warcraft Classic: Imp au Voidwalker?

Katika mchezo huu wa kompyuta, Warlock ni mchawi anayeita mapepo yampiganie. Imp, pepo mdogo, unaye tangu mwanzo, na kumwita hakugharimu kipande cha roho (Soul Shard, kitu kinachotumika kuita mapepo mengine). Anarusha moto kutoka mbali. Uwezo wake wa Blood Pact unaongeza uhai wa kikundi kizima. Ila adui hashughuliki naye sana, anakujia wewe.

Voidwalker, pepo wa leveli ya 10, anakula kipande kimoja kila ukimwita. Makofi yake hafifu kweli, lakini kwa Torment (uwezo wa kumchokoza adui) anamshikilia adui huku wewe ukiweka Corruption, uchawi unaomdhuru polepole, na kupiga kwa fimbo ya uchawi. (Usiwe na pupa, adui atakugeukia.) Mambo yakiharibika mtoe kafara: unapata ngao, unatimua mbio. Nikiwa peke yangu porini namchukua yeye, hata kama kazi inakwenda taratibu. Imp namrudisha nikiingia pangoni na wenzangu.