Upasuaji wa nyongo: wodi nzuri, ila simu zao zilitaka kutuulia mama

Hospitali siitaji jina, ni ya binafsi, ipo hapahapa Dar. Mama alikuwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, akigusa tu chapati usiku halali, ubavu wa kulia umemkamata, wakasema wanautoa kwa matundu madogo na kesho yake anarudi nyumbani. Usafi upo, manesi wana adabu kwelikweli, wanamwamkia mama kama mama yao, hapo nawapa maua yao.

Siku ya nne mama akaanza kujikuna, yaani usiku kucha, akachukua kitana akawa anajikunia mgongo mpaka ngozi ikachubuka, mkojo kama chai ya mkandaa, choo cheupe, nikamsogeza dirishani asubuhi naona macho ya njano. Nikapiga simu, naambiwa ni dawa hizo, anywe maji mengi. Siku ya sita nikapiga tena, jibu lilelile. Siku ya nane homa na kutetemeka, nikamkimbiza hospitali ya rufaa, daktari kamwangalia macho tu akauliza, mama, nyongo ulitolewa lini?

Kumbe mrija mkuu unaotoa nyongo kwenye ini ulibanwa na klipu, kile kibanio kidogo wanachofungia mrija wakati wa upasuaji. Alituchorea nyuma ya bahasha ya picha za altrasaundi, mrija unaotakiwa kukatwa ni ule mdogo wa mfuko wenyewe, ila upo karibu sana na huu mkubwa na pakiwa na uvimbe vinachanganya. Akasema kwa matundu hutokea kama watu 3 mpaka 5 kwa kila 1,000, hata kwa daktari mzoefu. Sawa, hilo nimelipokea. Ila zile siku nne tunaambiwa maji, hapana jamani, nyongo imekwama, ini linaumia, mtu hajaitwa hata apimwe damu!

Wakamwekea mpira wa kutolea nyongo, homa ikatulia, baadae wakamfungua tumbo wakaunganisha mirija ya ini na utumbo mdogo. Ripoti ya upasuaji wa kwanza hatukupewa, kaka kaifuata mara tatu na daktari anaisubiri.

Mkienda popote kutoa nyongo, kabla hamjaruhusiwa daini ile ripoti na namba ya daktari aliyepasua, siyo ya mapokezi. Macho yakigeuka njano msipige simu, mpelekeni mgonjwa siku hiyohiyo. Manesi nyota nne. Ufuatiliaji sifuri.