Wazo likikauka: simu au daftari ufukweni?

Wachoraji wa Bagamoyo tunabishana kila mara: mkono ukigoma, ufungue simu au ubebe daftari ushuke ufukweni?

Kwa gharama, daftari na penseli vinakaa miezi. Bando huisha usiku mmoja. Lakini ukitaka kujua miguu ya punda inakaaje anapokimbia, simu inakuonyesha papo hapo, hata saa nane usiku mvua ikinyesha. Hapo daftari halifui dafu.

Kwa uhakika wa kupata wazo, mimi naegemea ufukwe. Juzi, karibu na soko la samaki, nilimtazama fundi akigongomea pamba kwenye mianya ya mbao za mashua. Uzi mmoja mweupe ulibaki ukining'inia, ukicheza na upepo. Uzi ule ulinipa picha nzima. Kwenye simu ningekutana na kazi za wengine zilizokwisha kukamilika, na hizo ndizo hunitia woga nisianze.

Ukiwa na oda ya kesho, tumia simu dakika 20, kisha izime. Kama huna haraka na umechoka kujilinganisha na watu, beba daftari uende magofu ya Kaole, mji wa kale ulio pwani karibu na Bagamoyo, asubuhi, kabla jua halijawa kali.