ZIFF usiku ndani ya Ngome Kongwe: ukae wapi, ufike saa ngapi

Filamu inayotaka utulivu itazame mchana ukumbini. Usiku nenda Ngome Kongwe, ngome ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja; nenda kwa ajili ya watu. Ukilijua hilo mapema, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF) litakulipa nauli yako. Usipolijua utarudi unalalamikia makelele.

ZIFF ilianzishwa 1997 na tamasha la kwanza likafanyika 1998, likijitambulisha kama tamasha la nchi za jahazi. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Humo utakuta filamu za mwambao wetu, za bara la Afrika, za Uarabuni, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi, nyingi zikiwa kazi za watu waliojitegemea bila studio kubwa nyuma yao. Mji Mkongwe unastahili kuzipokea: kwa miguu, bila haraka, unapita misikiti, hekalu la Wahindu kule Hurumzi, Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Mkunazini, na asubuhi haijaisha.

Ngome yenyewe ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na aliyeijenga hakufikiria sinema. Hakuna paa. Kwa hiyo jua ndilo linalopanga ratiba. Mwezi Julai linazama kama saa 12 na dakika 20 jioni, giza la kutosha linahitaji nusu saa nyingine, na katikati hapo kuna swala ya Magharibi. Filamu ya kwanza haiwezi kuanza kwa heshima kabla ya saa 1. Kisha, kama saa 1 na nusu, adhana ya Isha inaingia kutoka minara ya jirani, na mazungumzo ya kwenye skrini yanazama kwa dakika chache. Hilo si kosa la fundi. Filamu yenye maneno mengi ya chini chini ikipangwa saa hiyo, mtazamaji anategemea maandishi ya tafsiri.

Na hapo ndipo kiti kinapokuwa na maana. Maandishi hukaa chini ya skrini, na ukikaa kwenye viti vya mbele vilivyopangwa sakafuni, vichwa vya walio mbele yako vinayala. Panda ngazi za uwanja wa duara, safu ya tatu au ya nne, katikati. Katikati si kwa ajili ya picha tu: kuta za mawe zinarudisha sauti, na anayekaa pembeni husikia neno moja mara mbili. Ngazi hizo ni ngumu, kwa hiyo beba mto mdogo au kanga iliyokunjwa mara nne. Beba na kitu cha kujifunika, maana kusi ya Julai ikivuma baada ya saa 3 inapenya, hata kama mchana ulitoka jasho. Upepo huohuo ndio unaotikisa skrini ya kitambaa. Ukiona picha inapumua, usilaumu kamera.

Nyeusi ya skrini ya nje haiwi nyeusi. Mwanga wa taa za bustani ya Forodhani na wa simu za watu unamwagika juu ya skrini, na matukio yaliyopigwa gizani yanageuka kijivu. Watengeneza filamu wanaopeleka kazi kwenye maonyesho ya wazi wangefaa kuyapima matukio hayo kwenye skrini iliyowashiwa taa chumbani kabla ya kutuma faili la mwisho. Kosa jingine linalojirudia kwenye matamasha mengi ni sauti: faili lina chaneli 6, mashine inasoma 2, muziki unasikika vizuri na waigizaji wanafumbua midomo kimya, kwa sababu mazungumzo yamewekwa kwenye chaneli ya kati ambayo haikuunganishwa. Dawa yake ni kutuma na toleo la stereo, yaani la chaneli 2. Dakika kumi za kazi, na aibu imekwisha.

Umeme ukikatika, usiondoke. Unguja inapata umeme kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau ile miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta inaweza kuwaka kwa sekunde chache, lakini projekta ya taa ya zamani lazima ipoe kwanza ndipo iwashwe tena, na kompyuta inayocheza filamu nayo inaanza upya. Hesabu dakika tano hadi kumi. Ndizo hizo watu wanazozitumia kusalimiana.

Kuhusu ratiba: ikiandikwa kwa Kiingereza, "7" ya usiku ni saa 1 yetu. Ni rahisi kujichanganya ukimtumia mwenzako picha ya ukurasa kwa simu bila maelezo. Tarehe nazo ziangalie kila mwaka upya, kwani zinahama, mara nyingi kati ya Juni na Julai, na Ramadhani ikiangukia miezi hiyo tamasha hulazimika kuikwepa.

Kinachofaa kweli usiku Ngomeni ni vichekesho, filamu za Kiswahili na filamu za muziki. Watazamaji wa Unguja wanajibu skrini: wanamwonya mhusika, wanamzomea mume mwongo, wanapiga vigelegele. Hapo hata adhana, upepo na paka anayekatiza jukwaani havikuharibii kitu. Filamu ya makala ya saa moja na nusu yenye ukimya mrefu ikiwekwa pale inaonewa tu.

Chakula ni ng'ambo ya barabara, Forodhani. Urojo ndio mwepesi zaidi kati ya filamu mbili. Piza ya Zanzibar inakaangwa mbele yako, ila foleni yake inaweza kukulia mwanzo wa filamu. Mishkaki ya samaki chagua ile inayotoka kwenye moto sasa hivi, siyo iliyopangwa mezani tangu jioni. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, mji ni wa watu. Na anayetoka Dar ajipangie malazi mapema: boti ya kasi inakuleta kwa muda wa takriban saa 2, lakini filamu ya mwisho ikiisha hakuna ya kukurudisha, na Julai vyumba vya Mji Mkongwe vinajaa watalii.