Sindano ya mifupa ya kila miezi 6, nzuri sana ila msicheze na tarehe

Mama ameshachomwa Prolia mara 5 (dawa yenyewe ni denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi) kwa hiyo naona naweza kuiongelea. Alianza baada ya kuteleza kidogo tu akavunjika kifundo cha mkono, kupimwa DXA (eksirei ya kupima msongamano wa madini ya mfupa) mifupa imeisha kweli.

Iko hivi, mfupa kila siku unabomolewa na kujengwa upya, wabomoaji ni seli zinaitwa osteoklasti, zinajibandika kwenye mfupa kama ruba zinamwaga asidi inayeyusha madini, vimeng'enya vinamalizia protini, kinabaki kishimo ambacho wajenzi watakijaza kwa miezi. Sasa mwili hauwaachii tu wabomoe wanavyotaka. Seli za mfupa zinatoa ishara inaitwa RANKL, bila hiyo osteoklasti haikomai, halafu zinatoa na OPG ambayo kazi yake ni kuidaka hiyo RANKL njiani. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, RANKL inazidi, ubomoaji unashinda ujenzi. Sindano inadaka RANKL vilevile kama OPG, ndo maana naikubali, inaiga breki ambayo mwili unayo tayari.

Kuchomwa ni dakika moja. Baada ya miaka 2 DXA ya uti wa mgongo imepanda na hajavunjika tena popote, nilifurahi mno. Ila kabla hujaanza pima kalisiamu na vitamini D maana kalisiamu ya damu inaweza kushuka vibaya, na meno yashughulikiwe kwanza sababu kuna hatari ya mfupa wa taya kuharibika, ni nadra lakini ipo.

Kilichoniudhi ni kliniki. Sindano ya 4 wakaisogeza wiki 5 mbele wakasema haina shida. Shida ipo jamani! Dawa hii haikai kwenye mfupa, ikiisha mwilini osteoklasti zinarudi kwa kishindo na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika hata kadhaa kwa pamoja. Mama alisalimika, mimi usingizi sikupata. Na kuacha pia usiache kienyeji, daktari anatakiwa akupangie dawa nyingine ya kufuatia, muulize hilo kabla ya sindano ya kwanza.

Dawa nyota 5, kliniki 2. Tarehe ijayo nimeiseti kwenye simu yangu na ya mdogo wangu.