Uzoefu wangu na The Office ya Uingereza: komedi ya kumwonea mtu haya

Wengi wetu ucheshi wa Waingereza tuliujua kwa Mr. Bean na Mind Your Language. Humo unasikia watu wakicheka, kwa hiyo hupati shida kujua mzaha uko wapi. The Office, iliyoanza kurushwa na BBC Two Julai 2001, haina kicheko hicho cha pembeni, wala muziki wa kukushtua. Mtu anatamka upuuzi, wenzake wanamtazama, kimya kinatanda, na kamera haibanduki. Nimeirudia yote zaidi ya mara moja na bado sijaona komedi ya ofisini inayoifikia. Wanaoiacha njiani, mara nyingi tatizo ni jinsi walivyoitazama.

Ni fupi. Misimu 2 yenye sehemu 6 kila mmoja, halafu toleo la Krismasi ya 2003 lenye sehemu 2. Jumla 14, na nyingi ni za nusu saa hivi. Kuwa makini unapoitafuta, kwa sababu Wamarekani walitengeneza ya kwao kuanzia 2005, ikafikisha sehemu 201, na mara nyingi ndiyo inayojitokeza kwanza. Hii ninayoizungumzia iliandikwa na kuongozwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant. Ukimwona Steve Carell, umefungua ile nyingine.

Kisa kinatokea Slough, mji ulio magharibi mwa London, katika tawi la kampuni ya karatasi iitwayo Wernham Hogg. Meneja ni David Brent, anayechezwa na Gervais mwenyewe. Brent anajitia mcheshi, anajitia rafiki wa kila mfanyakazi, anajitia msanii. Utaratibu mzima umejengwa kama kipindi cha makala: watu wa televisheni wamekuja kurekodi maisha ya ofisi hiyo, nasi tunaona walichorekodi. Huo ndio moyo wa kazi yote. Brent hazungumzi na aliye mbele yake tu, anazungumza na kamera. Mzaha ukimwangukia, macho yake yanaikimbilia kamera kuona kama imemnasa. Tim, mmoja wa wafanyakazi, anayechezwa na Martin Freeman, naye huitazama kamera, ila yeye anatutaka tuwe mashahidi wake. Ukishaweza kutofautisha macho ya hawa wawili, mengi yatafunguka yenyewe.

Chukua sehemu ya kwanza. Kuna kijana mgeni kazini, na Brent anataka kumwonyesha jinsi ofisi yake ilivyo na raha. Anamwita Dawn, dada wa mapokezi, anamsingizia kuiba vikaratasi vya kunata vya ofisi na kumwambia kazi hana tena. Anategemea Dawn agundue kuwa ni utani, wote wacheke. Dawn analia machozi ya kweli. Yule kijana amekaa pale pale, hajui atazame wapi, na sisi pia hatujui. Angalia waandishi wanavyokataa kumwokoa Brent: simu hailii, hakuna anayebisha hodi. Aibu inahitaji shahidi na inahitaji muda, na hapa vyote viwili vimetolewa kwa kipimo kamili. Ondoa yule kijana na tukio linabaki ukatili mtupu. Likate mapema na litakuwa kisa cha kawaida tu.

Mbona wafanyakazi hawamwambii ukweli? Kwa sababu tangu mwanzo wameshasikia kwamba ama tawi la Slough ama la mji wa Swindon litamezwa na jingine, na kuna watakaopunguzwa. Mtu anayehofia kupunguzwa hucheka bosi anapocheka. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyewahi kuajiriwa, awe Nairobi, Dodoma au Slough, na nadhani ndiyo maana kipindi cha Kiingereza namna hii kinavuka mipaka vizuri kuliko wengi wanavyotarajia.

Sasa utazamaji wenyewe. Usishike simu. Nusu ya mzaha uko usoni mwa mtu asiyeongea, mara nyingi nyuma ya anayeongea, kwa hiyo ukiinamisha kichwa sekunde tano umepoteza ulichokuja kukitafuta. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri: watu wanaongea kwa pamoja, wanamung’unya, wanaacha sentensi katikati, na Gareth, mfanyakazi mwenzao Tim, ana lafudhi inayohitaji kuzoewa. Spika ndogo ya simu haifai kwa sababu miguno na kukohoakohoa kwa aibu kunapotea. Sehemu mbili kwa jioni zinatosha. Ukitazama sita mfululizo, aibu inageuka uchovu, na Brent anaanza kukukera badala ya kukuchekesha. Pia kuna matusi na mizaha ya chumbani, kwa hiyo usiiwashe sebuleni wakwe wakiwepo.

Sehemu za kwanza ni za kukuzoesha. Usihukumu kabla ya sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, ile ya semina. Mkufunzi kutoka nje anajaribu kufundisha huduma kwa wateja, Brent anamwingilia kila hatua, na mwisho anakwenda nyumbani kuchukua gitaa. Anarudi nalo na kuimba nyimbo zake katikati ya semina. Wimbo si mbaya kiasi unachotarajia, na hapo ndipo penye akili: ungekuwa wa kuchekesha sana tungecheka tukapumua. Badala yake tunaona mtu mzima aliyeota kuwa mwanamuziki, na kwa dakika chache haya inachanganyika na huruma.

Msimu wa pili ni mgumu zaidi, na kwangu ndio bora. Watu wa Swindon wanahamia Slough. Neil, bosi mpya wa Brent, anawakaribisha kwa maneno machache na wanacheka kwa hiari yao. Kisha Brent anasimama na mizaha aliyoiandaa, na ukumbi unakuwa baridi. Yeye anaongeza mzaha mwingine. Ndilo kosa lake la kila siku: badala ya kukaa chini anaongeza. Msimu huo pia una mizaha ya rangi na ya ulemavu. Waandishi wanamcheka Brent, hawamcheki mlengwa, lakini kuna mahali inauma, na mtu akiamua kuruka sitamlaumu.

Ikikushinda kabisa, panda kwa ngazi. Anza na Fawlty Towers ya John Cleese na Connie Booth, sehemu 12 tu, za 1975 na 1979, kuhusu mwenye hoteli mjini Torquay anayewanyenyekea wakubwa na kuwadharau wageni wengine. Ile ya wakaguzi wa hoteli inafaa kuanzia. Kisha I’m Alan Partridge ya 1997: Steve Coogan ni mtangazaji aliyepoteza kipindi chake BBC, anaishi hotelini kando ya barabara na kutangaza redio alfajiri mjini Norwich. Katika sehemu ya kwanza anamsihi mkubwa wa BBC kwa wazo moja la kipindi baada ya jingine, hadi anafikia tenisi ya nyani. Zote mbili zina kicheko cha watu, kwa hiyo zinakuzoesha aibu bila kukuacha peke yako. Baada ya The Office nenda Peep Show, 2003 hadi 2015, ambamo kamera imewekwa mahali pa macho ya wahusika na unasikia mawazo yao. Hiyo ni kali zaidi, kwa sababu sasa aibu unaisikia ikipangwa kichwani kabla haijatoka mdomoni.

Jambo moja la kiufundi kabla hujafika mwisho wa msimu wa pili. Tim anakatiza mahojiano, anamwita Dawn chumbani, anafunga mlango na kuchomoa kipaza sauti chake. Sauti inakatika kabisa, unawaona kupitia kioo tu. Chombo chako hakijaharibika. Usiongeze sauti wala usirudishe nyuma, tazama mabega yao.