Begi gani ununue kwa snoumobili ya mlimani, na vitu gani visikae kwenye mashine kabisa

Watu wengi wakishapata snoumobili ya mlimani (ile mashine ya kuendesha juu ya theluji) kitu cha kwanza wanachokimbilia ni begi kubwa la kufunga nyuma, lile la lita 40 au 50, watupie kila kitu humo wamalize kazi. Mimi nasema usianze hapo. Kabla hujatoa hela yoyote tandaza vitu vyako vyote sakafuni alafu uliza kimoja kimoja: nikitenganishwa na mashine sasa hivi, hiki nitakihitaji? Kama jibu ni ndiyo basi hakigusi begi la mashine, kinakaa mwilini mwako. Ukimaliza zoezi hilo ndo utajua unahitaji begi gani na la ukubwa gani, na wengi mtagundua lile kubwa halihitajiki.

Maana mlimani kutengana na mashine ni kitu cha kawaida tu. Unaruka, mashine inabiringika mpaka korongoni. Maporomoko ya theluji yakikukuta mashine inafukiwa kivyake na wewe kivyako. Au hata siyo wewe, mwenzako ndo kafukiwa mita mia chini yako, mashine yako imekwama huko juu kwenye theluji ya kiunoni na koleo limefungwa nyuma ya kiti, sasa utaanza kupanda kulifuata? Takwimu za Uswisi zilizochapishwa 1994 zilionesha mtu akifukuliwa ndani ya dakika 15 ana nafasi ya asilimia 90 hivi ya kupona, ikifika dakika 35 imeshaanguka mpaka kama asilimia 30, na uchambuzi mpya wa 2024 wa hukohuko Uswisi unasema dirisha lenyewe ni fupi zaidi, kama dakika 10 tu. Hakuna timu ya uokoaji itakayokufikia kwa dakika 10, ni wewe na wenzako mliopo pale na vilivyopo mgongoni mwenu.

Kwa hiyo bikoni kwanza (kile kifaa kidogo kinachotuma mawimbi ya redio ili ukifukiwa wenzako wakupate), na bikoni haiko kwenye mashindano ya mabegi kabisa. Inavaliwa na mkanda wake kifuani, chini ya jaketi la nje, inawashwa mkiwa bado kwenye maegesho na haizimwi mpaka mmerudi. Zote za kisasa zinatumia masafa ya 457 kHz kwa hiyo ya kampuni yoyote inasikilizana na ya mwenzako. Simu, redio, glavu za umeme, kamera, vyote viwe mbali nayo angalau sentimita 20 ikiwa inatuma, na 50 ukiwa unatafuta. Mashine zizimwe pia wakati wa kutafuta, au muwe mbali nazo, maana umeme wa injini unaivuruga.

Sasa tuje kwenye mabegi, napanga kwa umuhimu wa hela yako.

Namba moja, bila ubishi, ni begi la mgongoni lenye eabegi, yaani puto la hewa linalojaa ukivuta mpini ili likusaidie kubaki juu ya theluji inayoporomoka. Humu ndo linakaa koleo, fimbo ya kutafutia (ya kuchoma theluji umpate aliyefukiwa), huduma ya kwanza, tochi ya kichwani, na kifaa cha mawasiliano ya setilaiti kama inReach (hicho bora kikae kwenye mkanda wa bega kabisa). Kuna utafiti wa 2014 uliotoka kwenye jarida la Resuscitation, uliangalia watu waliokokotwa vibaya na maporomoko wakakuta vifo vilikuwa asilimia 22 kwa ambao eabegi haikujaa na 11 kwa ambao ilijaa. Inapunguza nusu, haifuti. Na kwenye utafiti huohuo eabegi moja kati ya tano haikujaa, sababu kubwa ikiwa mwenye begi hakuvuta mpini. Ndo maana mimi nikiangalia eabegi swali langu la kwanza ni mpini, rangi na mifuko baadaye. Kwenye snoumobili gesi ya kuongeza mwendo iko kidole gumba cha kulia, ukitaka kukimbia yale maporomoko pembeni huo mkono una kazi, kwa hiyo mpini uwe bega la kushoto na uushike vizuri ukiwa na glavu nene. Alafu kuna mkanda wa kupita katikati ya miguu, watu hawaupendi wanauacha unaning'inia, bila huo eabegi ikijaa inaweza kupanda juu au kuvuka kichwani ukabaki bila kitu.

Ya mtungi au ya umeme? Ya mtungi wa gesi ni rahisi zaidi na haina mambo mengi, ila ukishavuta mara moja lazima ujaze au ubadili, na kwa sababu hiyo watu hawafanyi mazoezi, wanaogopa gharama. Ya umeme unaifungua hata mara kadhaa kwa chaji moja, unafanya mazoezi mpaka mkono unazoea, na ukisafiri kwa ndege huna usumbufu wa mtungi (Marekani mtungi uliojaa haupandi ndege kabisa, lazima uwe umetolewa gesi). Mimi kama bajeti inaruhusu nachukua ya umeme kwa sababu ya hayo mazoezi tu. Kama hairuhusu, ya mtungi inatosha, cheki geji kila asubuhi, na kama ni aina ya kupimwa uzito basi upime.

Ukubwa wa hilo begi lita 15 mpaka 25 zinatosha sana. Usiende zaidi maana nafasi ikiwepo utaijaza, na kilo 10 mgongoni kwenye mashine unayoipigania kwa kusimama na kuruka upande hadi upande zinakumaliza kabla ya mchana. Angalia pia koleo linakaaje ndani: lipate mfuko wake wenye kitu kigumu kati yake na uti wa mgongo, na usije ukafunga koleo nje ya begi, tawi la kwanza linalichukua. Spana na plagi za injini hazikai humu jamani, ukianguka chali unaangukia chuma.

Koleo lenyewe liwe la chuma, aluminiamu nzuri, mpini wa kurefuka. La plastiki achana nalo, theluji ikishaporomoka na kusimama inashikamana ngumu kama zege na plastiki inapasuka pale pale. Fimbo nenda kwenye mita 3, zile fupi za mita 2.4 wameziwazia watu wa ski wanaohesabu kila gramu, sisi mashine zetu zinatufikisha kwenye theluji nene zaidi na uzito hatuubebi kwa miguu.

Namba mbili ni begi laini dogo la juu ya taneli (bodi ya nyuma ya kiti inayofunika mkanda unaosukuma mashine), lita 15 mpaka 30. Hili ndo la mambo ya mashine na ya starehe: belti ya akiba, plagi, spana, kamba ya kuvuta, msumeno wa kukunja, glavu za pili, chakula, turubai la kulala kama mambo yameharibika. (Kiberiti na blanketi la dharura mimi naweka nakala nyingine mgongoni, ni vyepesi.) Likae karibu na kiti kadiri inavyowezekana lakini lisiguse mguu wako unapovuka upande wa pili, na lisiwe refu kwenda juu. Uzito ukikaa mwisho kabisa wa taneli, mashine inainua pua kwenye kupanda na inakataa kukata mlima kwa ubavu, hata kilo 8 utazisikia.

Hapa wengi wanaliwa kwenye vipimo. Taneli za mashine za mlimani za miaka ya karibuni zimefupishwa, kwa hiyo begi lililokaa vizuri kwenye mashine ya zamani linaning'inia nje kwenye mpya na kukokota theluji. Usinunue kwa jina la mashine peke yake, angalia mwaka na urefu wa traki, yaani ule mkanda wa chini unaosukuma mashine. Kama una mashine ya Ski-Doo tafuta yanayoingia kwenye vishikizo vyao vya LinQ, ya Polaris yana Lock & Ride, unabandika na kubandua kwa sekunde bila kutoboa chochote. Ya mikanda ya kufunga kwa mkono ni ya bei nafuu na yanafanya kazi ila mikia ya mikanda ikatwe au ifungwe, mkia mmoja ukivutwa na traki begi lote linafuata.

Hapo kwenye zipu ndo nikae kidogo. Taneli kwa chini ina vipoza joto vya injini kwa hiyo juu ni vuguvugu, theluji inayorukia begi inayeyuka, inaingia kwenye zipu, mkisimama kula inaganda, na sasa begi limekuwa jiwe. Zipu ya meno makubwa ya plastiki inavumilia kuliko ile laini ya kujikunja, na ya kukunja mdomo kama mfuko wa majini haina zipu kabisa ila inachukua muda kufungua. Njia ya kujaribu: ukifika nyumbani na begi lako jipya, huku risiti bado unayo, lowanisha zipu vizuri, liweke kwenye friza usiku kucha, asubuhi vaa glavu zako za kuendeshea ufungue. Ukilazimika kuvua glavu, lirudishe. Na mikia ya zipu iwe mirefu, kama haina funga kamba mwenyewe.

Kingine, kitako cha begi kiwe kigumu na kisichopitisha maji, hata hivyo vitu vya kukaa vikavu vitie kwenye mfuko wake ndani. Vumbi la theluji linaingia popote, matangazo ya "waterproof" yasikutie moyo.

Namba tatu, begi la usukani. Dogo, bei ndogo, na kwa miwani ya pili hakuna mahali bora. Weka miwani, kitambaa, vitafunwa. Basi. Ukianza kutia spana humo usukani unakuwa mzito na siku utakayopiga kifua hapo utajuta.

Kibebeo cha dumu la mafuta nakiweka namba nne, siyo kwa ubaya, ila ni kwa anayekwenda mbali kweli. Lita 11 za petroli ni kilo 8 hivi na ziko sehemu mbaya kabisa kwa mizani. Ukiwa nalo, jaza tangi mapema likiwa na nafasi ili uendeshe sehemu ngumu dumu likiwa tupu. Na chakula kisikae begi moja na mafuta, harufu haitoki.

Masanduku magumu ya plastiki ni mazuri kwa njia za tambarare na safari za kulala, mlimani hapana. Mashine ikibiringika linapasuka au linang'oa vishikizo, na ukilirukia linakuumiza. Na mpira wa kufungia mzigo juu ya taneli hata usiupe nafasi, kitu kikichomoka huoni kimeangukia wapi.

Kwa mtumba: begi la taneli ligeuze uangalie chini, ndipo linapolika. Eabegi ya mtumba mwambie muuzaji aifungue mbele yako ijae yote, alafu uikunje mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya kampuni. Akikataa kuifungua, ondoka.