Darubini ya 8x42 ufukweni kwenye mvua na baridi: uzoefu wangu

Nianze na ile ya zamani maana ndo iliyonifanya ninunue hii. Nilikuwa na kale kadogo ka 10x25 (yaani kanakuza mara 10, kioo cha mbele kina upana wa milimita 25) kanakoingia mfukoni, kipindi cha jua nilikapenda sana, ila baridi iliyopita kalinyeshewa nusu saa tu ukungu ukajaa ndani, yaani ndani kabisa kwenye prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ambako kitambaa hakifiki, siku nzima nikawa kama naangalia ndege kupitia nailoni.

Hii mpya ni 8x42, imezibwa kwa mpira kila kiungo halafu ndani imejazwa naitrojeni kavu, haina unyevu wa kugeuka ukungu. Imeandikwa IPX7, kwamba inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Mimi sijaizamisha na siizamishi ng'o, lakini Jumamosi ilinyeshewa masaa manne, upepo wa bahari unaleta mvua ya ubavuni ile isiyojali kofia, na ndani ikabaki safi kabisa.

Kuhusu kukuza, wengi wanakimbilia 10 wakidhani kubwa ndo bora. Nenda ufukweni na upepo ule vidole vimekufa ganzi ndo utajua kwamba 10 inakuza ndege na inakuza pia mkono unaotetemeka. Halafu kuna mwanga, gawanya 42 kwa 8 unapata duara la mwanga la milimita 5 na kidogo linaloingia jichoni, ile ya zamani 25 kwa 10 ni 2.5 tu, na siku za baridi zenye mawingu saa tisa alasiri ni kama magharibi. Nilienda maji yakiwa yanajaa, makusudi, maana yakipwa ndege wanatawanyika kule mbali kwenye tope wanakula, yakijaa yanawasogeza karibu na wewe. Sasa kulikuwa na mwamba mweusi ambao kwa macho matupu ni mawe tu, kuweka darubini naona kitwitwi, nikahesabu thelathini na kitu, wamesimama mguu mmoja mmoja midomo wameichomeka mgongoni, wote wameelekea upepo unakotoka. Pembeni yao sululu na ule mdomo wake mrefu uliopinda chini, kila mchirizi kifuani nauona. Na mnandi mmoja ametandaza mabawa yakauke, kwenye mvua ile ile, sijui alikuwa anategemea nini.

Lawama sasa. Naitrojeni iko ndani, nje haikusaidii, ukihema tu vioo vya upande wa macho vinashika ukungu, nikajifunza kupumulia pembeni kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Kifuniko cha mvua cha hivyo vioo kinabana mno, nilipokuwa nakivutavuta kuna ndege akapita chini chini juu ya mawimbi na mpaka leo sijui alikuwa nani. Gurudumu la kufokasi ni zuri hata na glavu nene, hilo nawapa. Navaa miwani, nikikunja vile vikombe vya macho, zile pete za kuegemezea macho, naona duara lote, shida ni kwamba miwani yenyewe ndo ilijaa matone lakini hapo darubini haina kosa.

Kitu kingine, mkirudi msikimbilie kufuta vioo. Pale kuna chumvi na vipunje vya mchanga, ukisugua unajichorea lenzi mwenyewe. Suuza kwanza na maji yasiyo na chumvi, yachuruzike, ndo upitishe kitambaa laini, na hii ni kwa zisizopitisha maji tu jamani, msije mkaosha kale ka mfukoni mkanilaumu. Wala usiifungie kwenye begi ikiwa mbichi, iache mezani wazi ikauke yenyewe.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya mkanda, kimkanda chembamba na darubini karibu gramu 700, ilipofika saa sita shingo inawaka moto na mkanda umelowa unakwaruza. Nimeshanunua mkanda wa kuvaa mabegani kama begi la mgongoni, uzito wote umehamia mgongoni. Kimkanda chao kiko kwenye droo, anayekitaka aseme.